Tunaomba Tukatazwe Ubani

Sakristia ya Parokia ya Mtakatifu Oswini,
Mtaa wa Kapstani, Skelmere,
Lincolnshire.
Jumanne baada ya Sikukuu ya Malaika Mikaeli.

Kwa Mheshimiwa Monsinyori Crispin Hathersage,
Msimamizi wa jimbo letu la Wakatoliki tuliotoka Uanglikana.

YAH: OMBI LA PAROKIA KUPIGWA MARUFUKU

Baba Monsinyori,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo, na kwamba goti lake limepona tangu alipoteleza kwenye ngazi zetu siku ya kipaimara. Mimi ni Philippa Grindrod, sakristani wa hapa, mtunza vyombo vya ibada kwa miaka hamsini na mmoja, yule aliyekukabidhi fimbo yako ya kichungaji kichwa chini miguu juu.

Sijazoea kuwaandikia wakubwa. Maisha yangu yote wakubwa ndio waliotuandikia sisi, tena kwa hasira, na hilo hasa ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwa kifupi, Baba, tunaomba utukataze kitu. Chochote kile, ila ikiwezekana uanze na ubani.

Barua yako ya mwezi Agosti tuliipata. Ulisema kwamba tusipofikisha watu arobaini kwenye misa ya Jumapili kabla ya Majilio, mwisho wa Novemba, itabidi tuunganishwe na wenzetu wa Mtakatifu Bonifasi na jengo letu lifungwe. Uliyasema hayo kwa upole kiasi kwamba Padri Aubrey Penhallow alipotusomea, watu wawili waliitikia Amina. Jumapili iliyopita tulikuwa ishirini na sita, nikimhesabu na Bwana Tunnicliffe, ambaye anasema asihesabiwe. Nimefungua mlango wa Mtakatifu Oswini kila asubuhi tangu nikiwa na miaka ishirini na minane, kwanza kule juu kilimani na sasa hapa Mtaa wa Kapstani. Mlango huo ukifungwa, sijui asubuhi nitaamka niende wapi. Naogopa, Baba, na sioni haya kukuambia.

Kabla ya malalamiko yenyewe naomba nikukumbushe asili yetu, maana vijana wa ofisini kwako huenda hawaijui.

Parokia hii ilianzishwa mwaka 1873 na kasisi wa Kianglikana aliyeitwa Septimus Orde, aliyetimuliwa mjini kwa kosa la kuiga Roma, yaani kuweka mishumaa miwili juu ya altare mchana kweupe. Akashuka bandarini, akapanga banda la kukaushia samaki kwa moshi, akawasha mishumaa sita. Watu wa Skelmere wa siku hizo hawakuwa wacha Mungu kupita wengine, walikuwa watu wa samaki na bia. Lakini walisikia kuna mtu kakatazwa, wakaja kuona. Walipofika wakakuta mabenchi, wakakaa, na wengi wao hawakuondoka tena.

Askofu wa Kianglikana akakataza mishumaa, tukafika watu mia. Akakataza ubani, tukafika mia mbili na hamsini, ingawa ndani ya banda lile hakuna aliyeweza kutofautisha ubani na samaki. Mwaka 1881 Padri Orde akafungwa jela siku kumi na sita kwa kupiga magoti mahali ambapo sheria ilitaka asimame. Alipotoka ikabidi tujenge kanisa la mawe kilimani, kwa sababu banda halikututosha tena. Unaona mwenyewe, Baba, kwamba hakuna mwinjilisti aliyewahi kutufaa kama yule askofu.

Mimi nilianza kazi enzi za mwisho mwisho za neema hiyo. Mwaka 1974 tulikatazwa maandamano ya Bikira Maria, tukaandamana watu mia nne, wakiwamo Wamethodisti na mwenye bucha ambaye haamini chochote. Siku hiyo ndipo nilipompata marehemu mume wangu, Wilf. Alikuja kututupia mayai, akabakiwa na moja, akaona aibu kurudi nalo nyumbani, akanipa.

Kazi ya sakristani wakati ule haikuwa kupiga pasi vitambaa. Kazi ilikuwa kuficha. Mkaguzi wa askofu alikuja na treni ya saa nne, na tangu treni ipige honi pale darajani mpaka yeye afike mlangoni, nilikuwa na dakika kumi na moja. Chetezo cha kufukizia ubani kilizama kwenye birika kubwa la chai. Tabernakulo, kile kisanduku cha Ekaristi, ilifunikwa na bendera ya Umoja wa Akina Mama. Bikira Maria alikwenda kukaa bafuni kwangu, na Wilf alizoea kumwambia samahani kila alipoingia kunyoa ndevu. Mkaguzi alikagua, akanusa, akanywa chai yenye ladha ya ubani, akaenda kutuandikia barua ya vitisho. Barua ile ilisomwa kanisani, na Jumapili iliyofuata watu walikosa pa kukaa.

Kisha miaka kumi na mitatu iliyopita Roma ikatufungulia mlango. Tukaambiwa tunaweza kuwa Wakatoliki kamili pamoja na sala zetu, nyimbo zetu, mapadri wetu na wake zao. Tulipiga kura kwenye ukumbi wa chai: hamsini na wanane ndiyo, mmoja hapana. Huyo mmoja ni Bwana Tunnicliffe, aliyehama pamoja nasi hata hivyo, akisema hawezi kutuacha bila upinzani. Kanisa la mawe tukawaachia Waanglikana, sisi tukashuka kwenye hili lililokuwa la Wamethodisti. Mvua ilinyesha, tuliimba njia nzima, na mimi nilibeba chetezo hadharani kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nililia sana, nikidhani ni furaha.

Sasa malalamiko.

1. Ubani umeruhusiwa. Si kuruhusiwa tu, ofisi yako ilitutumia pakiti nzima wakati wa Krismasi, na kadi juu yake. Bwana Tunnicliffe alikuwa amekohoa kuupinga ubani kila Jumapili kwa miaka thelathini na minane. Siku ya kwanza tulipouchoma hapa kwa ruhusa aliinuka akohoe, akakumbuka kwamba sasa atakuwa anakohoa dhidi ya Kanisa zima tangu Mtume Petro, akakaa chini. Hajakohoa tena. Daktari amempima na kusema mapafu yake hayana kasoro, na habari hizo zimemvunja moyo.

2. Maandamano. Mwezi Mei tuliiandikia halmashauri kuomba kibali, tukiwa na matumaini makubwa ya kunyimwa. Kibali kilikuja kesho yake. Pamoja nacho zilikuja koni za barabarani, hema la huduma ya kwanza, na askari kijana mwenye adabu aliyeuliza kama tungependa kipaza sauti. Tuliandamana watu kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuwa wa huduma ya kwanza. Nilikaza macho njia nzima nikitafuta hata mtu mmoja mwenye yai.

3. Wenzetu wa Mtakatifu Bonifasi. Hawa ni Wakatoliki wa tangu kuzaliwa, na nilikuwa nimejiandaa kwa dharau zao. Padri wao, Padri Declan, alikuja siku ya kwanza na keki. Wakatuazima mishumaa. Wakatuombea. Kwa miaka kumi na mitatu nimepata tone moja tu la mateso kutoka kwao, siku Bi. Concepta, anayepanga maua kule, aliposimama mlangoni kwetu akisubiri tumalize wimbo wa mwisho. Aliniambia, "Jamani, kumbe mnaimba beti zote saba? Nyumbani hakuna anayewasubiri?"

Baba, niliyatunza maneno yale moyoni wiki nzima. Nilimsimulia kila mtu. Watu walianza kuimba kwa nguvu zaidi, na Jumapili ile tuliongezeka wawili. Halafu Bi. Concepta akaja kuomba radhi, na chupa ya jemu mkononi. Wale wawili hatukuwaona tena.

4. Mama Hilary, mke wa Padri. Tulitegemea kwamba padri Mkatoliki mwenye mke, watoto wanne na gari la kubebea mahema angeushtua mji huu hadi kwenye misingi yake. Mji haukuuliza kitu. Mzee mmoja tu wa Bonifasi alitaka kujua kati ya wale wawili ni nani anayeungamisha, maana mama anaonekana ana masikio mazuri zaidi. Mama Hilary anasema hilo halikuwa shambulio, lilikuwa swali, na akalijibu.

5. Kitabu cha sala. Babu zetu waliadhibiwa kwa kuruka sala za Kianglikana na kuchomeka za Kirumi. Leo Roma imezichukua zile zile za Kianglikana, imezichapa kwenye kitabu chenye kingo za dhahabu, na inatuomba tuzisome polepole. Padri Orde alilala jela kwa ajili ya haya. Sijui nimweleze nini nikikutana naye, na kwa umri wangu huu ni suala la miaka michache.

6. Sheri. Katika jengo lote hili kuna katazo moja tu, nalo tulilirithi kwa Wamethodisti. Ni bamba la jiwe ukutani kwenye ukumbi wa chai, linalosema kwamba kileo kisionjwe chini ya paa hili milele. Sisi husimama chini ya bamba hilo kila Jumapili baada ya misa na glasi ndogo ya mvinyo wa sheri. Ni wakati pekee katika juma ambapo hakuna anayechelewa. Wapo hata wawili wanaokosa misa lakini sheri hawajapata kuikosa. Naomba ofisi yako ilitafakari jambo hilo kwa makini kuliko yote niliyoandika.

7. La mwisho linanihusu mimi. Ulipotutembelea mwezi uliopita ulikuja na treni. Sikuwa nimelala vizuri, nilikuwa napanga vikombe, na honi ikapiga pale darajani. Miguu yangu iliondoka kabla yangu. Kufumba na kufumbua chetezo kilikuwa kwenye birika, bendera ya akina mama juu ya tabernakulo, na mimi niko bafuni nimemkumbatia Bikira Maria, napumua kwa shida. Ilichukua dakika ishirini kuvipata vitu vyote. Hukukasirika. Ulicheka, ukanishika bega, ukasema, "Mama Philippa, hapa huna haja ya kuficha kitu."

Ulisema kwa wema, na nilikuitikia vizuri. Lakini niliporudi nyumbani nilikaa jikoni na koti langu mwilini mpaka chai ikapoa. Mkaguzi kwa miaka yake yote hakuwahi kuniambia neno zito hivyo.

Kwa sababu hizo, kwa heshima zote na kwa niaba ya watu ishirini na sita (ishirini na watano, kama utamsikiliza Bwana Tunnicliffe), naomba yafuatayo:

Kwanza, ubani upigwe marufuku hapa kwetu kuanzia Sikukuu ya Watakatifu Wote. Pili, maandamano yakatazwe kwa maandishi, nakala ipelekwe gazeti la mji. Tatu, tusiruhusiwe kuimba zaidi ya beti mbili. Nne, bamba la Wamethodisti lithibitishwe na Roma.

Tano, na hili nalileta kwa unyenyekevu, Padri Aubrey afungwe. Sijui kama Kanisa bado lina jela, na sitaki ateseke. Chumba chenye dirisha kinatosha. Nilimdokeza Mama Hilary, akafikiri kidogo, akasema, "Jumanne mpaka Alhamisi naweza kumwachia. Ijumaa hapana, ndiyo siku yake ya kutoa takataka." Padri Orde alifungwa siku kumi na sita na tukapata kanisa la mawe. Kwa siku tatu naona tunaweza kupata watu kumi na wanne, na hao ndio tunaohitaji.

Kama yote hayo yatakushinda, basi angalau ukija kupiga picha ya mwaka usitabasamu.

Ili nisikuchoshe, nimekuandikia kabisa barua yako ya kututisha, imeambatanishwa hapa. Inaanza na maneno "Nimeshtushwa na kusikitishwa," na inaendelea hivyo kurasa mbili. Nimeacha nafasi ya sahihi. Kwenye ukurasa wa pili nimejiita mkaidi, naomba usilifute.

Ombi hili nimelijadili na Bwana Tunnicliffe. Analipinga kabisa, na ni furaha kuona rangi imemrudia usoni.

Msalimie mkeo, na umwambie ngazi zimewekwa kamba. Wasalimie vijana wa ofisini, yule binti wa simu mwenye subira, Padri Declan ukimwona kwenye vikao, na Masista wanaokuokea mkate. Hapa wote wanakusalimu, wakiwamo waliokosa misa.

Ni mimi, mwanao mtiifu, nikiomba nisiwe hivyo kwa muda mrefu,

Philippa Grindrod
Sakristani

NYONGEZA. Baba, barua hii ilichelewa kwa sababu ya jambo la aibu. Nilihitaji muhuri wa parokia, na muhuri anao Padri Aubrey. Aliichukua akaisoma amesimama pale sakristia, kurasa zote, pamoja na habari ya jela. Kisha akavua miwani, akanirudishia bila kuigonga muhuri, akasema, "Bi. Philippa, hii barua haitoki hapa. Nakukataza."

Namfahamu mtu huyu miaka ishirini na miwili, na hata nyigu hajawahi kuwapandishia sauti. Jumapili akarudia kwenye matangazo, mbele ya watu, kwamba ipo barua iliyoandikwa na sakristani, na kwamba katika parokia hii ni marufuku kuisoma, kuinakili au kuitia sahihi. Alinitaja kwa jina. Nusu karne nimeficha vitu vya watu wengine waliokatazwa, na mimi mwenyewe hakuna aliyewahi kunikataza lolote. Nilitetemeka kwa hasira mpaka kofia ikasogea. Nani amempa mtu mamlaka ya kumziba mwenzake mdomo ndani ya nyumba ya Mungu? Naomba uyafute yote niliyoandika hapo juu. Nimeelewa sasa kwamba kukataza watu ni ukatili na hakujengi Kanisa, na naomba umwamuru Padri Aubrey aniruhusu mara moja.

Niliandika maneno hayo Jumatatu. Leo ni Jumapili nyingine, na inanibidi niongeze kidogo. Wiki nzima watu wamekuwa wakigonga mlango wangu kuulizia hiyo barua. Nimeisoma jikoni kwangu mara tisa, madirisha yamefungwa. Asubuhi hii walikuja kanisani kuona kama nitaitoa. Walikuja Waanglikana kutoka kilimani, mtoto wa yule mwenye bucha na familia yake, na nusu ya kwaya ya Bonifasi. Wengine walikaa kwenye ngazi. Waliimba beti zote saba, na baada ya misa waliuliza saa za wiki ijayo.

Nilimkuta Padri Aubrey sakristia akikunja kasula yake, lile joho la misa. Hakunitazama. Aliuliza tulikuwa wangapi, nikamwambia hamsini na watatu, nimehesabu mara mbili. Akaendelea kukunja, akalainisha mikunjo kwa kiganja, kisha akasema, "Basi Jumapili ijayo nitakukataza tena."

Kwa hiyo, Baba, lile ombi la kumwamuru nalo nalifuta. Usimwamuru kitu. Bado Jumapili saba tufike Majilio. Barua hii imekufikia bila muhuri na bila idhini ya mtu yeyote, na nakuomba kwa machozi usiijibu. Ukituruhusu, tumekwisha.